Herufi za Maua

Kila siku akitoka shule, kabla hata ya kuvua soksi, Mapambo alichukua sumaku iliyofungwa kwenye kamba na kuiburuta sakafuni, chini ya vyerehani. Pini zilizoanguka mchana kutwa ziliirukia na kung'ang'ania. Kazi hiyo haikuwa na mjadala, kwa sababu nyumbani kulikuwa na Bosi. Bosi alikuwa mtoto wa mama mdogo, ndiyo kwanza anajifunza kutembea, na kila alichokiona chini alikipeleka mdomoni kukikagua. Baada ya pini Mapambo alifagia vipande vya vitambaa, akajaza maji kwenye pasi, ndipo akaruhusiwa kukaa na kunywa chai yake.

Shuleni alikuwa na jina jingine, lakini mtaani wote walimwita Mapambo, na jina hilo alikuwa amelitafuta mwenyewe. Daftari lake halikuwa na ukingo usio na maua. Mwalimu wa hisabati aliwahi kumwandikia kwa wino mwekundu kwamba jibu lilikuwa sahihi, ila ilimbidi alitafute katikati ya bustani. Mama yake alikuwa fundi cherehani, na kwa kuwa watu walimwita Mama Mapambo, wateja wapya walidhani anashona magauni ya harusi. Kumbe yeye alipenda mshono ulionyooka, usio na mbwembwe, na usiofumuka.

Karakana yao ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba, chenye mlango uliofungukia barabarani. Cherehani cha mama kilikaa karibu na mlango, na cha mama mdogo kilikaa dirishani. Siku hizi cha dirishani kilifunikwa kitambaa muda mwingi. Watu walinunua nguo zilizoshonwa tayari, na kilichobaki kwa fundi ni kupunguza suruali na kubadilisha zipu.

"Dada, hatuwezi watu wazima wawili kugombania zipu moja," mama mdogo alisema siku moja, na akacheka, lakini hakuwa anatania. Kiwanda cha nguo cha mji wa mbali kilikuwa kimekubali kumwajiri. Mwanzoni mwa wiki iliyofuata alitakiwa kuwapa jibu. Akikubali, angeondoka na Bosi, na angerudi kwenye sikukuu tu. Mapambo alilala chumba kimoja na Bosi tangu azaliwe. Kila alipofikiria kitanda kile kidogo kikiwa kitupu, alimwendea Bosi akambeba.

Ndipo alipokuja nesi. Alikuwa jirani yao, akifanya kazi wodi ya watoto katika hospitali iliyo mwisho wa barabara, na alikuja kutanuliwa sare yake iliyoanza kumbana.

"Nimekuletea habari," alimwambia mama huku amenyanyua mikono ili apimwe. "Hospitali inatafuta fundi. Mashuka, mapazia na nguo za wodi ya watoto. Ni kazi ya kudumu hiyo, si ya kubahatisha. Mwandikie mkuu wa manunuzi barua pepe, mweleze unaweza kushona nini na kwa bei gani. Mwisho ni Ijumaa saa sita mchana."

"Barua pepe," mama alirudia polepole. Ujumbe mfupi wa simu aliuweza, kwa kidole kimoja. Barua ya kiofisi ilimtia baridi.

"Mapambo si yupo? Ila nisikilize, jirani. Iwe fupi, na iandikwe kwa herufi za kawaida. Mkuu yule na madoido ni vitu viwili. Barua ya madoido kwake haifiki popote."

"Umesikia?" mama akamwuliza Mapambo.

"Nimesikia, mama."

Hakuna aliyeuliza kwa nini. Nesi alidhani kila mtu anajua, na mama alidhani wakubwa wa maofisini ndivyo walivyo.

Jioni hiyo mama alitamka barua huku akikunja pindo la sare ya nesi, na Mapambo akaiandika kwenye simu. Mama hakujua maneno makubwa, kwa hiyo alisema yale aliyoyajua. Alisema kwamba ni fundi cherehani, na mishono yake haifumuki hata ikifuliwa kwa maji ya moto, kama zinavyofuliwa nguo za hospitali. Alisema wapo mafundi wawili na vyerehani viwili. Halafu akamtazama Bosi aliyekuwa amelala chali juu ya mkeka.

"Andika hivi. Kwenye nguo za watoto sitaweka vifungo mgongoni. Mtoto mgonjwa hulala chali, na kifungo kitamuumiza. Nitaweka kamba za kufunga ubavuni."

"Hapo umesema, dada," mama mdogo alidakia.

Mama aliichukua simu akaisoma barua yote, midomo ikimchezacheza. Akaisoma tena. Akamrudishia Mapambo, akasema, "Hapo sawa. Tuma." Mteja mmoja akaingia na suruali yake, na mama akainuka kumhudumia.

Mapambo akabaki na simu mkononi. Aliziangalia zile herufi, akaona aibu kwa niaba ya mama yake. Zilikuwa wima, nyeusi, hazina hili wala lile. Alifikiria barua zote ambazo mkuu angezipokea, zote zikiwa na sura hiyohiyo, na ya mama yake ikipotea katikati. Nani angejua kwamba hii imetoka kwa mtu anayejua kazi? Mama alikuwa anashindana na mafundi wenye maduka makubwa. Alihitaji kusaidiwa kidogo.

Kwenye simu kulikuwa na programu ambayo wasichana wa darasani kwao waliipenda sana kwa kutumiana salamu. Unaipa maneno yako ya kawaida, unachagua sura ya herufi, nayo inakurudishia maneno yaleyale yamevishwa. Mapambo alizijaribu moja baada ya nyingine. Kulikuwa na herufi zilizofungiwa ndani ya viduara, nyingine nene zenye miiba kama za vitabu vya kale. Mwishowe akapata zilizolala upande, zenye mikia inayojikunja kama mashina ya maua. Akaiweka humo barua yote, kuanzia salamu hadi jina la mama. Ilipendeza hata akatabasamu peke yake. Maneno ni yaleyale, alijiambia, hakuna hata moja nililoligusa. Akatuma.

"Umetuma?" mama aliuliza, tepu ya kupimia ikiwa imening'inia shingoni.

"Nimetuma."

"Kama nilivyoisoma?"

Mapambo alisita, lakini kwa muda mfupi sana hata mama hakugundua. "Ndiyo, mama."

Tangu siku hiyo simu ilipata kiti chake kwenye meza ya cherehani, kando ya vibobini vya nyuzi. Kila ilipolia mama aliacha kukanyaga cherehani, akaichukua, akaisoma, akairudisha. Ilikuwa matangazo. Ilikuwa mteja anayeuliza kama zipu yake iko tayari. Hospitali haikusema kitu. Mama mdogo alijifanya hajali, lakini Mapambo alimwona akisimama nyuma ya dada yake kila simu ilipolia, shingo ameirefusha.

Alhamisi nesi akapita mbio mbio, akienda kazini.

"Jirani, mkuu anasema barua yako imefika tupu."

"Tupu vipi?"

"Tupu. Jina lako la mtumaji lipo juu, halafu hakuna kitu. Nimemwambia lazima kuna hitilafu, akasema utume tena. Lakini kesho saa sita ndiyo mwisho, tafadhali."

Mama alimkabidhi Mapambo simu. Mapambo akaitafuta barua, na hiyo hapo, imejaa kuanzia juu hadi chini, na mikia yake yote. Alishusha pumzi. "Ni mtandao tu, mama," alisema, na nusu ya moyo wake iliamini hivyo. Nusu nyingine ilimwambia atume ile ya kawaida, ambayo bado ilikuwa imehifadhiwa. Lingekuwa jambo la kufumba na kufumbua. Lakini kuituma ile kungekuwa ni kukubali kwamba maua yalikuwa kosa, na akishakubali hilo, ile "ndiyo" yake ingekuwa nini? Akaamua kwamba tatizo ni wembamba. Labda herufi zilikuwa nyembamba mno hata hazikuonekana. Akachagua nyingine zenye mikia vilevile, ila nene na nyeusi zaidi, akatuma.

"Ni ileile?" mama aliuliza.

"Ndiyo, ileile, mama."

Kesho yake aliporudi kutoka shuleni alikuta vyerehani vyote viwili vimenyamaza. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti chake, mikono juu ya mapaja, na hakuwa mtu wa kukaa hivyo mchana. Nesi alikuwa amepiga simu. Barua ya pili nayo imefika tupu, na saa sita ilikuwa imeshapita.

"Kosa ni langu," mama alisema. Hakuwa anamwambia mtu yeyote hasa. "Wanaojua mambo haya hawapatwi na balaa kama hili. Mimi nimemtwika mtoto mzigo wa mtu mzima, halafu nakaa hapa nangoja simu ilie."

"Usijilaumu, dada, ni huu mtandao usio na haya," mama mdogo alijibu kutoka chumbani. Mapambo alichungulia. Mama mdogo alikuwa anakunja nguo za Bosi na kuzipanga ndani ya begi. Alizikunja vizuri mno, kona juu ya kona, kama mtu ambaye hataki kumaliza.

Mapambo alichukua sumaku yake akaiburuta sakafuni, lakini siku hiyo hapakuwa na pini, maana hakuna aliyeshona. Akambeba Bosi, akamweka mapajani. Alitaka kusema. Maneno yalifika hadi kwenye meno na kurudi. Kama angesema jana, muda ulikuwapo. Sasa angesema ili iweje? Saa haiwezi kurudishwa, na barua haiwezi kuitwa nyumbani. Hakuna alichoweza kufanya, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Yeye aliyejua kila kitufe cha simu ile hakuwa na kitufe hata kimoja cha kubonyeza.

Mama akasimama ghafla, akajifuta uso kwa ncha ya khanga. "Vaa viatu. Tunakwenda huko huko. Nikataliwe nikiwa namwona mtu."

Ofisi ya manunuzi ilikuwa nyuma ya hospitali, karibu na chumba cha kufulia, na korido nzima ilinuka sabuni na mvuke. Toroli za mashuka zilipita zikipiga kelele za magurudumu. Karani aliwaelekeza mlango wa mwisho. Mama alibisha hodi, sauti ikajibu "karibu," wakaingia wakakuta chumba ni giza. Pazia lilikuwa limefungwa, na skrini ya kompyuta ilikuwa nyeusi tii. Nyuma ya meza alikaa mwanamume mwenye mvi za pembeni, vidole vyake vikipita juu ya kibodi.

"Taa iko nyuma ya mlango, iwasheni tu," alisema. "Mimi husahau kwamba wageni wanaihitaji."

Mama aliwasha taa. Mkuu alinyoosha mkono kusalimia, na mkono ule ulikwenda kidogo pembeni ya pale alipokuwa amesimama mama. Ndipo wote wawili wakaelewa. Mkuu hakuwa anaona.

"Shikamoo, baba," Mapambo alisema kwa sauti ndogo.

"Marahaba, mwanangu. Kumbe mko wawili. Kaeni."

Mama alijitambulisha, na uso wa mkuu ukachangamka. "Mama Mapambo, mwenye barua tupu. Nimekutafuta kwa masikio wiki nzima. Barua zangu zote nasomewa na hii kompyuta, inazitamka neno kwa neno. Hebu sikilizeni wenyewe."

Alibonyeza kitufe. Sauti bapa, isiyo na furaha wala huzuni, ikatoka kwenye spika iliyokuwa mezani. "Barua kutoka kwa Mama Mapambo, fundi cherehani. Mwanzo wa barua."

Wakangoja. Huko koridoni toroli ilipita. Saa ya ukutani ikasikika. Mapambo aliyajua maneno yote yaliyotakiwa kufuata, maji ya moto, vyerehani viwili, kamba za ubavuni, na yote hayo hayakuja.

"Mwisho wa barua," ikasema kompyuta.

"Nimeisikiliza na kuirudia," mkuu alisema. "Nikadhani sasa na masikio nayo yananikimbia. Nikamwomba karani aifungue kwenye mashine yake, ile kuukuu ya pale mbele, akaniambia anaona visanduku vidogo vitupu vimejipanga mistari mizima. Tukasema labda imeharibika njiani."

"Mzee, mimi niliisoma kwa macho yangu," mama alisema. "Maneno yalikuwepo. Nakuapia."

"Nakuamini, mama. Lakini kwenye kamati siwezi kupeleka kimya."

Mama akainamisha kichwa. Vidole vyake vilivyojaa vidoti vya sindano vilishikana mapajani, na Mapambo akaona kwamba mama yake angeondoka pale akiamini kwamba yeye ni mjinga. Angeamini hivyo maisha yake yote.

"Ni mimi," Mapambo alisema. "Mama aliisoma ikiwa ya kawaida. Halafu mimi nikabadilisha herufi, nikaweka za maua, kwa programu ya kwenye simu. Niliona za kawaida hazipendezi. Na mara ya pili nikaweka nyingine za maua, nene zaidi. Mama hajui. Aliponiuliza kama ni ileile, nikasema ndiyo."

Mama hakumtazama. Alitazama ukutani, pale penye saa.

"Ahaa," mkuu alisema, na hakuonekana amekasirika, ila amechoka. "Sasa nimeelewa. Mwanangu, programu hizo hazichagui mwandiko tu. Zinaziondoa herufi zako na kuweka alama zinazofanana nazo. Kwenye simu yako ukaona maua. Mashine ya karani haizijui alama hizo, ikaweka visanduku. Na kompyuta yangu ilipozifikia haikuwa na la kutamka, ikapita."

"Nisamehe, baba."

"Nimekusamehe. Lakini sikilizeni na hili, maana sipendi kumdanganya mtu. Kamati imekaa leo mchana. Mashuka na mapazia yamepata fundi. Hilo siwezi kulirudisha, hata ningetaka."

"Naelewa," mama alisema. Mapambo alianza kulia bila sauti. Alikuwa ametaka barua ya mama yake ionekane kuliko zote, na ndiyo pekee ambayo haikuonekana kabisa.

Mkuu alipapasa meza, akatafuta kalamu ambayo hakuihitaji, akaizungushazungusha. "Ila nguo za wodi ya watoto hazikupata mtu. Ni vinguo vidogo vyenye kazi nyingi, mafundi wakubwa hawavitaki. Kamati imeacha nafasi hiyo wazi hadi Jumatatu. Kwa hiyo moja tu, barua mpya inaruhusiwa. Mna simu hapo?"

Mapambo alijifuta kamasi kwa mkono. "Ninayo. Baba, nitumie herufi gani?"

"Zilezile simu inazokupa yenyewe, kabla hujagusa kitu. Nyeusi kwenye nyeupe, zisizolala upande, kubwa kiasi cha kusomeka bila mtu kukunja uso. Kwenye kamati yangu yuko daktari anayesoma barua kwenye simu huku anatembea. Yuko mhasibu ambaye miwani yake iko kichwani muda wote isipokuwa anapoihitaji. Na niko mimi. Ukiandika barua tunayoisoma sisi watatu, hata karani na mashine yake ataisoma."

Mapambo aliifungua ile barua ya kwanza, ya kawaida, iliyokuwa imelala kwenye simu tangu jioni ile. Akatoa mashuka, akatoa mapazia. Mengine hakuyagusa. Safari hii hakutuma. Alimpa mama simu, naye mama akaisoma yote, midomo ikimchezacheza, kisha akatikisa kichwa kukubali, bado bila kumtazama usoni.

Mapambo akatuma, na kompyuta ikatoa mlio mdogo. Mkuu akabonyeza kitufe.

"Mwanzo wa barua," ilisema ile sauti bapa. "Mimi ni fundi cherehani. Mishono yangu haifumuki hata nguo ikifuliwa kwa maji ya moto." Mama akainua kichwa. Hakuwahi kuyasikia maneno yake yakitamkwa ofisini. "Kwenye nguo za watoto sitaweka vifungo mgongoni. Mtoto mgonjwa hulala chali, na kifungo kitamuumiza. Nitaweka kamba za kufunga ubavuni."

Mkuu alisimamisha kompyuta. Mkono wake ukaenda nyuma, ukagusa mgongo wake mwenyewe, pale ambapo kifungo kingekaa. Akairudisha nyuma kidogo, akaisikiliza sehemu hiyo tena.

"Sijaahidi kitu, mama," alisema mwishowe. "Kamati itaamua Jumatatu. Lakini sasa angalau nina cha kuwasomea."

Njiani mama alitembea mbele, na Mapambo akamfuata nyuma akiangalia visigino vyake. Walipofika karibu na nyumbani mama akasimama.

"Mama mdogo utamwambia wewe," alisema. "Mimi sitakusemea."

Mama mdogo alikuwa anabana pindo la suruali, pini zimejaa mdomoni. Mapambo alimwambia yote, kuanzia programu hadi kimya cha kompyuta. Kwa kuwa pini zilikuwa mdomoni, mama mdogo hakuweza kumkatiza. Alizitoa moja moja, akazichoma zote kwenye kimto chake cha pini.

"Na mimi wiki nzima nautukana mtandao," alisema. "Siwezi kukuambia haijaniuma, mwanangu. Imeniuma. Mashuka yale yangetutosha sote wawili."

"Najua, mama mdogo."

"Hujui. Lakini umekuja kuniambia mwenyewe, na hilo nimeliona." Akarudisha pini moja mdomoni, na mazungumzo yakaishia hapo.

Begi lilikaa kando ya mlango Jumamosi na Jumapili. Hakuna aliyelifungua, na hakuna aliyelibeba. Mapambo alilikwepa kila alipopita na ufagio. Jumatatu darasani mwalimu aliongea na yeye hakusikia kitu, na kengele ya mwisho ilipolia alikimbia hadi nyumbani, mfuko wa madaftari ukimpiga mgongoni.

Simu ilikuwa kwenye meza ya cherehani. Mama alikuwa ameiona barua ikiingia, ila hakuifungua. "Nilikuwa nakungoja," alisema. "Tusome wote."

Barua ilikuwa fupi, ya herufi nyeusi za kawaida. Mapambo aliisoma kwa sauti. Kamati ilikuwa imempa Mama Mapambo kazi ya kushona nguo za wodi ya watoto, kuanzia wiki hiyo, zenye kamba ubavuni kama alivyoeleza, na kazi ikiwaridhisha itaendelea. Hapakuwa na ua hata moja, na Mapambo hakuwahi kusoma kitu kizuri namna ile.

Mama mdogo alikwenda dirishani, akakivua cherehani chake kitambaa, akakikunja kona juu ya kona. "Hizi ndogo ni zangu," alisema. "Wewe, dada, baki na zipu zako." Halafu akatoka nje na simu yake kuwajibu watu wa kiwanda, na walimsikia akiwashukuru na kuwaambia kwamba haji.

Mama akamvuta Mapambo akamkalisha kwenye kiti kilicho mbele yake, kile cha wateja.

"Mteja akija hapa, kabla sijakata kitambaa, nampima nani?"

"Yeye anayevaa."

"Sijipimi mwenyewe?"

"Hapana, mama."

"Hata kama mimi napenda mikono mirefu na yeye anataka mifupi, nashona mifupi. Barua nayo ni hivyo hivyo. Uliyapenda maua, ukamshonea maua mtu ambaye hukumpima. Na tuliambiwa mapema tuandike herufi za kawaida. Hatukuambiwa sababu, lakini tuliambiwa." Akavuta uzi uliokuwa umeng'ang'ania kwenye sketi ya Mapambo. "Lakini maua hayakuniumiza, mwanangu. Mtu anaweza kukosea kwa kupenda kitu kizuri. Kilichoniumiza ni ile 'ndiyo' yako. Ungesema hapana Alhamisi, tungekuwa na muda. Mashuka yaliondoka na ile 'ndiyo' ya pili. Kosa ukiliambia mapema, hurekebishika. Ukilifunika, linaendelea kufanya kazi humo humo chini."

"Sitarudia, mama."

"Tutaona. Sasa mwandikie mkuu kumshukuru."

Mapambo akaandika mistari michache. Alipomaliza aliiangalia barua, wima, nyeusi, haina hili wala lile. Akafumba macho, akaisikiliza kichwani jinsi ile sauti bapa ingeitamka katika chumba kile chenye giza. Ilisikika yote. Akafumbua macho na kumnyooshea mama simu kabla hajaulizwa.

Mama akaisoma hadi mwisho. "Kama nilivyoisoma?" aliuliza.

"Kama ulivyoisoma."

"Tuma."

Mapambo akatuma, akachukua sumaku yake, na kuiburuta hadi chini ya cherehani cha dirishani, ambako kuanzia kesho pini zingeanguka nyingi. Begi lilikuwa limeshafunguliwa. Bosi alikuwa amekaa ndani yake, akilikagua.